Siku Niliyoosha Kitambaa cha Wakimbiaji

Nyinyi wajukuu, na wenzenu mtakaosoma haya mkiwa mmeinamia simu, kaeni wima kwanza. Migongo yenu itapinda kabla ya wangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, kwa hivyo msinitafutie makosa ya nukta. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuwasikia mkisema ati Eldoret imeamka juzi, ati mji ulikuwa umelala mpaka mkaja na kompyuta zenu. Haukuwa umelala. Mimi nilikuwa humo ndani nikiwa macho, tena nimesimama kwa miguu miwili, masaa nane kila zamu.

Nilitoka upande wa Ziwa nikiwa msichana, na kanga moja na viatu vya kuazima, nikaandikwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kulikuwa na king'ora. Kikilia asubuhi, mji mzima unaamka, hata wale wasiokuwa na kazi, na mbwa pia. Ukiingia ukumbi wa kufuma, mashine zilikuwa zinapiga kelele hivi kwamba ungepiga nduru na mwenzako aliye karibu asisikie. Kwa hivyo tulisemezana kwa midomo. Unafungua mdomo vizuri, bila sauti, na mwenzako aliye mashine ya kumi anakusoma. Tulisengenya watu hivyo, tukaomba chumvi hivyo, na kuna mmoja aliyeposwa hivyo akakubali. Kila siku mnaniita Kogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, na kuniambia, "Kogo, punguza sauti." Sipigi kelele. Kwa mtu aliyetoka kwa hizo mashine, hii yangu ni kunong'ona.

Sasa kuna jambo moja ambalo kila mwanamke wa kiwanda alilijua, na ndilo lililoniletea aibu, kwa hivyo lisikizeni. Ile pamba yetu ilikuwa inakunywa maji. Ukiiosha mara ya kwanza inajikunja, inakuwa fupi. Langoni pa kiwanda walikuwa wanatuuzia vipande vyenye kasoro, na mimi nilipokaribia kuolewa nilinunua, nikashona shuka nzuri sana, nikaingia nazo kwa ndoa. Nilipozifua mara ya kwanza, zikarudi mpaka kwa goti. Mume wangu alikuwa mtu mrefu. Alilala akiwa amejikunja kama mtoto, miguu ikitokea nje, na kule juu Eldoret baridi haina huruma. Mama mkwe alipoona akaniuliza, "Kwani ulimpima akiwa ameketi?"

Tangu siku hiyo sikuwahi kukata kitambaa ambacho hakijanywa maji. Sote tulikuwa hivyo. Nyumba ya mwanamke wa kiwanda ungeijua kwa mbali, kwa sababu ua wote umetandikwa kitambaa kipya, yadi kwa yadi, na mwenyewe amesimama na fimbo akifukuza mbuzi.

Halafu kiwanda kikafungwa. Sitaeleza sababu, wenye kujua wanajua na wenye kusema hawaishi kusema. Siku moja king'ora hakikulia, na tuliamka tu kwa mazoea tukakaa kitandani tukiangaliana. Mashine zilitolewa kwa malori kama chuma kuukuu. Mimi nikaenda kufua nguo za watu Elgon View, mtaa wa wenye pesa. Nilifua miaka mingi. Watoto wa nyumba hizo walikuwa wananiogopa kuliko mama zao, na walikua vizuri, wengine ni madaktari.

Mji nao haukungoja mtu. Wakimbiaji walirudi na fedha za mbio wakajenga magorofa. Zikaja shule, hospitali, benki, maduka yenye ngazi zinazotembea zenyewe, ambazo nilizipanda mara moja nikashuka kwa zile za kawaida. Wafanyabiashara Waislamu waliotoka kaskazini, ambao zamani walikuwa na vibanda vya shuka na sukari, sasa wana maduka ya jumla ya orofa nne. Halafu tukaambiwa sisi si mji tena, sisi ni jiji. Niliuliza kama ng'ombe wangu atahitaji kitambulisho.

Sasa ndipo nafika penyewe. Wenye lile godauni la kiwanda, ule ukumbi wetu wa kufuma, waliamua kuligawa vyumba na kukodisha kwa watu wenye kazi za mkono na za kichwa. Walipaka rangi, wakaweka madirisha makubwa, na nje wakaacha lile tangi kubwa la maji la zamani. Kuna vijana wa kompyuta, kuna anayekaanga kahawa, kuna anayetengeneza taa za jua. Na mke wa kijana wangu, ambaye alikuwa anashona sebuleni kwangu na vyerehani vitatu mpaka hatuna pa kuweka sufuria, akaomba chumba akapewa.

Lakini alipewa kwa majaribio. Miezi mitatu. Ikiisha, kama hana mteja wa kudumu, anatoka na anayefuata anaingia. Na anayefuata tulimjua. Ni bwana mmoja wa kutengeneza yogati, mnene, mcheshi, ambaye alikuwa anapita karibu kila siku na futi ya kupimia, anapima mlango wetu kuona kama friji yake itapita.

"Mama, mnaendeleaje?" ananiuliza huku akipima.

"Tunaendelea. Na huo mlango haujanenepa tangu jana."

"Lazima nihakikishe, Mama. Friji ni kubwa."

Mimi nilikuwa nakwenda pale kila siku. Niliwaambia ati nakwenda kuwasaidia wale wasichana wawili wanaomshonea mke wa kijana wangu kukata nyuzi. Ukweli ni kwamba chumba chetu kilikuwa palepale palipokuwa na mashine yangu. Niliijua ile nguzo. Sikumwambia mtu. Nilitaka chumba kile kuliko mwenye kukiomba, na yeye alikitaka sana.

Mwezi wa mwisho, Mungu akaleta mteja. Alikuwa mama mmoja anayesimamia kambi ya wakimbiaji nje ya mji, na yeye mwenyewe aliwahi kukimbia. Unamjua kwa vile anavyosimama, kama mtu anayengoja bunduki ilie. Alitaka traksuti arobaini. Maneno yake yalikuwa machache: Jumatatu mchana atakuja kuona kitambaa kikikatwa, Ijumaa atachukua nguo. Akiridhika, nguo zote za kambi, za msimu huu na mingine, zitashonwa na sisi. Na hapo chumba ni chetu.

Jumamosi mke wa kijana wangu alinunua kitambaa, roli ndogo sita: tano za nguo yenyewe, buluu na nyeusi, na moja ya ile ya kuvutika, ya kuzungushia shingo na vifundo vya mikono. Jumapili alikwenda kwao Sugoi, kulikuwa na mtoto wa dada yake anayepewa jina, akaniachia ufunguo.

"Mama, Jumatatu utufungulie tu. Nitafika mapema nikate mwenyewe. Usiguse kitu."

"Mimi nitagusa nini?" nikasema.

Jumatatu nikafungua mlango kabla jua halijatoka vizuri. Zile roli sita zilikuwa zimelala mezani, kavu kabisa, na mkasi kando yake. Kavu! Nilizunguka ile meza mara mbili. Nikajiambia, huyu msichana amesahau. Amekimbilia sherehe akasahau kunywesha kitambaa, na leo atakata, na wakimbiaji watakwenda kukimbia mbele ya dunia na suruali zimefika magotini, na watu watauliza zimeshonwa wapi.

Wale wasichana wawili walipofika, walinikuta nje kwa tangi nikiwa nimekunja mikono, beseni tatu zimejaa, roli ya kwanza iko ndani.

"Kogo!" mmoja akapiga kelele. "Hii ni poliesta!"

"Ni kitambaa au si kitambaa?"

"Ni kitambaa, lakini…"

"Basi inakunywa maji. Shika upande ule, tukamue."

"Kogo, haki ya Mungu, hii hairudi ndani. Ni plastiki hii."

"Mimi nilifuma kitambaa kabla mama yako hajajua kukivaa. Kamua."

Wakakamua. Nani angenikatalia? Tulitandaza roli zote sita kwa ua wa waya, kutoka langoni mpaka kwa choo, buluu, nyeusi, buluu, nyeusi. Vijana wa kompyuta wakatoka kupiga picha. Yule bwana wa yogati akafika na futi yake, akasimama, akatazama ua wote polepole.

"Kumbe mmefungua dobi," akasema. "Basi sipimi tena, nileteeni tu ufunguo."

Nikamwambia aondoe kivuli chake kwa kitambaa changu.

Mke wa kijana wangu alishuka langoni na mfuko wa mahindi mabichi kichwani. Hakuuteremsha. Alisimama hivyo hivyo, akatazama ua kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mama," akasema.

Si zaidi ya hapo. Nimeitwa mama mara nyingi, lakini hiyo moja bado naisikia.

"Ulisahau kuinywesha," nikamwambia. "Nimekusaidia."

Aliteremsha mahindi, akatoa futi shingoni, akapima ile buluu. Akapima nyeusi. Akapima tena. "Mama, njoo uone. Haijarudi hata upana wa kidole. Hii haijui maji ni nini. Sasa ni saa tatu, mteja anakuja mchana, na kitambaa chote kiko kwa ua kimelowa. Nitakata nini mbele yake?"

Nilitazama ile nguo mkononi mwake, na kweli ilikuwa vilevile, imelala tu, haina habari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimeosha kitu bure.

Akaendelea kupima mpaka akafika kwa ile roli ya sita, ya shingo na mikono. Hapo akasimama. Akapima mara ya pili. Akaita wasichana.

"Hii ilikuwa upana gani Jumamosi?"

Wakamwambia. Ilikuwa imerudi shubiri nzima. Ile ilikuwa pamba.

Niliona uso wake, nikainama kukusanya beseni.

Hapo ndipo nilipotupa macho langoni. Msimamizi wa jengo ni mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fundi wa kutia mafuta mashine zetu. Alikuwa amesimama kule mbali, na nyuma yake gari linaingia. Akafungua mdomo, pole pole, bila sauti, vile tulivyokuwa tukifanya: *Mteja wenu. Amekuja mapema. Nimshike?*

Nikamjibu kwa midomo: *Mshike.*

Sijui mnaona nini mkimwangalia yule mzee, lakini siku hiyo alifanya kazi. Alimshika yule mama wa kambi kwa mkono, akamwonyesha pale palipokuwa na mtambo wa moto, akamweleza bomba lilipopita, akamweleza ni lori la rangi gani lililobeba mashine ya mwisho. Sisi tukakimbia. Ile iliyotandazwa kwanza ilikuwa inakaribia kukauka. Ile nguo haishiki maji, na upepo wa asubuhi ulikuwa mzuri. Tukaikung'uta, tukaipiga pasi yadi kadhaa, tukaiweka mezani. Mke wa kijana wangu akashika chaki. Akapiga mstari, ukanyooka.

Yule mama akaingia. Akatazama meza. Halafu akatazama dirishani, na dirisha la pale, nimesema, ni kubwa.

"Mbona kitambaa changu kiko nje kwa ua?"

Mke wa kijana wangu akajibu haraka, "Ni kawaida yetu, Mama. Sisi tunaosha kwanza, halafu…"

Alikuwa anadanganya kwa ajili yangu. Alikuwa amenikasirikia hata hawezi kunitazama, na bado akajitia mbele yangu apokee yeye. Mimi ni mkali, mnajua. Sijawahi kumwomba mtu radhi katika nyumba yangu, hata mume wangu alikwenda kaburini akiningoja. Lakini chumba kingechukuliwa kwa uongo huo kama ungejulikana, na ungejulikana, maana wale wasichana walikuwa wameuma midomo karibu wapasuke kwa kicheko.

"Si kawaida yao," nikasema. "Ni mimi. Huyu hakuwa hapa, alikuwa kwao, na aliniambia nisiguse. Mimi nilikuwa mfumaji wa kiwanda hiki, na sisi tulikuwa tunaosha kila kitu. Nimeosha poliesta yako yote. Haikuhitaji. Nimekosea."

Kwa sauti yangu, mnavyoijua. Nafikiri hata vijana wa kompyuta walisikia.

Yule mama hakucheka. Alisogea mezani, akashika buluu, akaivuta, akaiachia. "Imeharibika?"

"Hapana," mke wa kijana wangu akasema. "Iko sawa kabisa. Lakini hii ya mikono imerudi shubiri nzima. Tungeishona ikiwa kavu, ingejikunja ikishafuliwa mara ya kwanza."

Yule mama akanyoosha mkono wake mwenyewe, akatuonyesha jaketi alilovaa. Kwenye kifundo kitambaa kilikuwa kimejikunja kama mdomo wa bibi asiye na meno. "Kama hii?"

"Kama hiyo."

"Fundi wangu wa kwanza alinishonea thelathini hivi. Vijana wangu wanaikata kwa wembe." Akavuta mkono wa jaketi chini, ukaruka tena juu. Halafu akatutazama sisi wawili, mmoja mmoja. "Mimi nataka Ijumaa. Kuosha, kutoosha, hiyo ni yenu. Ijumaa."

Akaondoka. Hakusema tumefaulu, wala kwamba tumeshindwa.

Ile ya mikono sasa haikutosha nguo arobaini. Nilivaa kitambaa changu cha kichwa nikamwambia mke wa kijana wangu akae akate, nitakwenda mimi. Nilikwenda kwa duka alikonunua, kwa yule mama Msomali mwenye orofa nne. Tunajuana tangu akiwa msichana anakaa chini ya meza ya baba yake akihesabu vifungo.

"Nataka ile ya kuvutika, rangi hii," nikamwambia.

"Mama, si niliuza roli nzima Jumamosi? Mmeila?"

"Nimeiosha."

"Yote?"

"Yote."

"Na poliesta?"

Nikaanza kujifunga upya kitambaa cha kichwa. Alicheka mpaka akashika meza, akaita wafanyakazi wake kwa lugha yao, na wote wakacheka, hata yule wa juu kwa ngazi. "Ondoeni huyu mama kabla hajaosha duka!" Lakini alipanda mwenyewe mpaka orofa ya tatu, akaniletea roli ya rangi ile ile, na akanikatia pembeni kipande kidogo. "Kaoshe hicho. Ukiona kinarudi, nipigie, nitajua niwaambie nini wateja wangu. Miaka yote hii sijawahi kuuliza."

Niliporudi niliweka roli mezani, na safari hii mke wa kijana wangu mwenyewe akasema inyweshwe kwanza. Nikachemsha chai, ya maziwa mengi, nikammiminia mke wa kijana wangu kikombe, nikampelekea pale alipokuwa, mbele ya wasichana. Sijawahi kumpelekea chai. Aliishika, akanitazama, akatazama chai.

"Ungeniuliza tu, Mama," akasema. "Au ungekata kipande kama kiganja, uoshe hicho."

"Kunywa, ipoe," nikasema. Nilimaanisha kabla haijapoa, lakini ulimi ulikuwa umechoka na kuomba radhi.

Wiki hiyo tulishona. Mimi nilikata nyuzi, nikapiga pasi, nikakagua kila mshono kwa mwanga wa lile dirisha kama tulivyokuwa tukikagua kitambaa zamani, na nilirudisha traksuti saba, na hakuna aliyebisha. Jumatano mvua ilinyesha, umeme ukapotea kidogo, vijana wa kompyuta wakatuletea betri yao kubwa. Yule bwana wa yogati akapita na futi, akatuona, akarudisha futi mfukoni akauliza kama kuna mtu wa kushika pasi. Alipiga pasi suruali kumi na mbili, na si vibaya.

Ijumaa yule mama wa kambi alikuja na wakimbiaji wanne, wembamba kama miwa, akawaambia wavae. Wakavaa. Wakakimbia kuzunguka lile jengo, mara moja, mara mbili, mara tatu, mimi nimesimama mlangoni nikiangalia vifundo vya mikono. Aliporudi mdogo wao, yule mama akamvuta mkono wa jaketi, akauachia, ukakaa mahali pake.

"Sawa," akasema. "Za msimu ujao nitaleta vipimo mwezi ujao."

Siku hiyo hiyo mke wa kijana wangu alitia sahihi ya chumba. Msimamizi, yule mzee fundi, alinitazama kutoka ng'ambo ya ukumbi akasema kwa midomo tu: *Umerudi kazini.* Nilimwambia afunge mdomo, inzi wataingia. Bwana wa yogati alipata chumba cha mwisho kando ya kahawa, na mlango wake, ikaonekana, ni mpana kuliko wetu.

Mwezi uliofuata kitambaa kipya kilifika, roli kumi na tano. Nikawaita wote sebuleni: kijana wangu, mke wake, wajukuu wote waliokuwa nyumbani, na wale wasichana wawili. Nikawasimamisha mstari mmoja nikawaambia hivi:

"Kila roli ikiingia, mtakata kipande cha kiganja, mtaosha hicho, mtapima, ndipo mtakata nguo. Roli nzima haiguswi na maji, ila kama kipande chake kimerudi. Na kuanzia leo ufunguo wa mfereji wa lile tangi unakaa kwa mke wa kijana wangu. Mimi nikija kuuomba, hata nikifoka, msinipe."